Kufuata Dawa au Kumfuata Mgonjwa: Ulinganisho wa Njia Mbili za Kuzuia Madhara ya Dawa Wodini

Muuguzi kiongozi wa wodi anayetaka kupunguza madhara ya dawa kwa wagonjwa wake, awe katika hospitali ya rufaa mjini Moshi au katika hospitali ya wilaya nje ya jiji la Arusha, hulazimika kuamua jambo moja kabla hajachapisha fomu yoyote: uangalizi uanzie kwenye dawa au uanzie kwa mgonjwa? Njia zote mbili zinafundishwa na zote zina watetezi wenye hoja nzito. Wodi nyingi zikiulizwa hujibu kwamba zinafanya zote mbili, lakini ukifungua mafaili unakuta hakuna hata moja inayofanyika hadi mwisho. Kwa wodi yenye wauguzi wachache, kuchagua pa kuanzia kuna faida kuliko kutaka yote kwa mkupuo mmoja.

Katika njia ya kwanza, ambayo hapa nitaiita ya kufuata dawa, wodi huchagua dawa chache zinazojulikana kwa hatari yake, na kwa kila moja huandika nini kipimwe kabla ya dozi, nini kiangaliwe wakati dozi inaingia, na nini kirudiwe baadaye. Yeyote anayepewa dawa hiyo, kijana au mzee, huangaliwa kwa namna ileile. Katika njia ya pili, ya kumfuata mgonjwa, kila anayelazwa hufanyiwa tathmini ya hatari inayogusa umri, uzito, figo, ini, mimba, mzio, idadi ya dawa anazotumia na vitu anavyojitibia nyumbani. Wenye hatari kubwa huwekewa alama kwenye faili na hutembelewa mara nyingi zaidi, bila kujali wameandikiwa dawa gani.

Shirika la Afya Duniani lilipozindua mwaka 2017 kampeni yake ya dawa bila madhara, likilenga kupunguza kwa nusu ndani ya miaka 5 madhara makubwa yanayoweza kuepukika, lilitaja maeneo matatu ya kuanzia: mazingira yenye hatari kubwa, wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, na nyakati za kumhamisha mgonjwa kutoka huduma moja kwenda nyingine. La kwanza linaelekea njia ya dawa, na mawili yanayofuata yanaelekea njia ya mgonjwa. Kwa hiyo hata huko juu hakuna aliyetuchagulia.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja liwe wazi, kwa sababu mafunzo mengi ya kazini huishia hapo. Haki tano za utoaji dawa, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, huzuia makosa. Hazizuii madhara yanayotokea wakati kila kitu kimefanywa sawasawa. Gentamisini, antibayotiki ya sindano, iliyopimwa vizuri, ikachomwa kwa mgonjwa anayestahili na kwa saa iliyoandikwa, bado inaweza kuumiza figo mwishoni mwa wiki ya kwanza ya tiba. Ulinganisho huu unahusu madhara ya aina hiyo, na kazi ya muuguzi katika kuyawahi.

Pale njia ya dawa inapong'ara

Mfano bora kabisa wa njia ya dawa uko katika wodi ya wazazi, na ninashangaa kwamba wodi nyingine hazijauiga. Mama mwenye kifafa cha mimba anayetibiwa kwa magnesiamu salfeti ya sindano za msuli hupewa dozi za kuendelea kila baada ya saa 4, na kabla ya kila dozi muuguzi au mkunga hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti lake linaitika linapogongwa, na kwamba ametoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Likikosekana moja, dozi haichomwi na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinza yake, hukaa karibu na kitanda ili ichomwe taratibu kwenye mshipa endapo pumzi zitaanza kudorora.

Utaratibu huu una nguvu kwa sababu ya mpangilio wa dalili zenyewe. Magnesiamu inapozidi mwilini, goti huacha kuitika kabla pumzi hazijasimama. Kwa hiyo anayegonga goti kila baada ya saa 4 anaiona hatari ikiwa bado njiani. Mkojo nao una sababu yake, kwani dawa hii hutolewa na figo, na figo zikipunguza kazi, dozi iliyokuwa salama saa sita mchana inaweza kuwa imezidi ifikapo saa nne usiku. Zaidi ya hayo, hakuna anayehitaji kukumbuka kwenda kumwangalia mama huyo, kwa kuwa ukaguzi umefungwa pamoja na sindano ambayo ingetolewa kwa vyovyote vile.

Kuna faida nyingine ambayo mikoa yetu inaihitaji kuliko mingi. Kwenye wodi za Arusha analala mama kutoka Longido au Ngorongoro anayezungumza Kimaasai pekee, na kwenye wodi za Moshi analala mzee ambaye Kiswahili chake huishia kwenye salamu na bei za sokoni. Kuhesabu pumzi, kugonga goti na kupima mkojo hakuhitaji mkalimani. Lakini swali kama "je, masikio yanavuma?" haliwezi kujibiwa bila lugha, na wodi inayotegemea maswali ya namna hiyo itawakosa wagonjwa walewale ambao hakuna ndugu aliyebaki kuwatafsiria.

Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo inafuatwa vizuri kwa njia hii. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji akachomwa mofini ya msuli anapaswa kuangaliwa tena dakika 30 hadi 60 baadaye, wakati dawa inapofika kileleni, na cha kuangaliwa kwanza ni usingizi wake. Mgonjwa huzidiwa na usingizi kabla pumzi zake hazijashuka. Anayeamka ukimwita na kukujibu sawasawa yuko salama. Anayefumbua macho kisha akasinzia katikati ya sentensi asipewe dozi nyingine, hata kama bado anahesabu pumzi 14. Ikibidi kupewa naloksoni, kinza ya mofini, uangalizi usiishie pale anapozinduka, maana naloksoni huisha mwilini mapema kuliko mofini na mgonjwa anaweza kuzama tena. Kwa wanaotumia mofini kwa siku nyingi, kama wagonjwa wa saratani, dhara ambalo mwili hauzoei ni kufunga choo, na dawa ya kulainisha choo ianzishwe siku ileile ya mofini badala ya kungoja mgonjwa alalamike siku ya nne.

Kwa dawa kama potasiamu ya kwenye mshipa hakuna mjadala mrefu: haisukumwi moja kwa moja kwa bomba la sindano, huchanganywa kwenye dripu na kuingizwa polepole, na vichupa vyake havifai kukaa rafu moja na maji ya kuchanganyia dawa. Amfoterisini B ya kawaida inastahili kuwamo kwenye orodha ya wodi yoyote inayopokea wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi, kwa sababu huganda ikichanganywa na dripu ya chumvi na hivyo huwekwa kwenye dekstrosi ya asilimia 5, ilhali mgonjwa mwenyewe hutangulizwa dripu ya chumvi ili kulinda figo zake. Muuguzi mgeni asiye na karatasi ya maelekezo mbele yake anaweza kuyachanganya hayo mawili kirahisi sana.

Orodha ya dawa inavyompita bibi wa Uru

Sasa tumchukue bibi wa miaka 74 anayeletwa kutoka Uru, jirani na Moshi, akiwa amevimba miguu na pumzi zimemwishia. Kwa muda mrefu anatumia kaptoprili ya presha. Wodini anaanzishiwa furosemidi, ambayo wengi wetu tunaiita Lasix. Katika orodha ya wodi inayofuata dawa, yenye insulini, mofini, magnesiamu na gentamisini, bibi huyu hayumo. Angepita bila kuulizwa chochote. Katika wodi inayomfuata mgonjwa, umri wake, uvimbe wake na idadi ya dawa zake vinatosha kumwekea alama, na muuguzi anayemlaza anavuta kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nyumbani magoti yakikusumbua huwa mnafanyaje?"

"Magoti! Yananimaliza. Huyu mjukuu wangu huninunulia vidonge pale dukani. Ninavyo hapa."

Bibi anafungua fundo la kanga. Ndani yake mna noti mbili zilizokunjwa na kipande cha karatasi ya daftari kilichofunga vidonge visivyo na jina. Mjukuu anasogea: "Ni diklofenaki, sista. Anameza asubuhi na jioni tangu Krismasi."

Hapo ndipo picha inapobadilika. Furosemidi inapunguza maji mwilini, kaptoprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, na diklofenaki inabana ule unaoingiza. Kila moja peke yake figo zinaweza kuistahimili, lakini zikikutana zote tatu, msukumo wa kuchuja unaanguka na figo za mzee zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Isitoshe, diklofenaki hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hivyo kuna uwezekano kwamba vidonge vya magoti ndivyo vilivyomfikisha bibi hospitali kwa miguu iliyovimba. Hakuna karatasi ya dawa hatari ambayo ingelifikia jambo hili, kwa sababu diklofenaki haikuandikwa na daktari yeyote na haimo kwenye chati.

Namna swali lilivyoulizwa ina uzito wake. Angeulizwa kama kuna dawa nyingine anazotumia, bibi angejibu hapana na asingekuwa amedanganya, kwa kuwa kwake dawa ni zile za hospitali. Ukimuuliza maumivu huyatuliza vipi, au akikosa usingizi hunywa nini, majibu huja yenyewe, pamoja na mizizi iliyochemshwa na majani aliyoletewa na jirani. Wauguzi wa Arusha waliokuwa kazini mwaka 2011, maelfu ya watu walipokuwa wakienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, hawahitaji kukumbushwa kwamba mgonjwa anaweza kubadili tiba yake bila kumwarifu mtu wa hospitali. Muuguzi anayeguna au kukunja uso akisikia habari za mitishamba atasikia mara ile moja tu.

Njia ya mgonjwa hunasa pia mambo madogo ambayo hayaingii kwenye orodha yoyote. Bibi yuleyule akipewa dozi ya pili ya furosemidi saa mbili usiku ataamka mara tatu kwenda chooni, gizani, akiwa na presha iliyoshushwa na kaptoprili, na hapo kuanguka na kuvunjika nyonga kunakuwa dhara la dawa sawa na upele au kutapika. Kuisogeza dozi hiyo hadi saa nane mchana, kwa makubaliano na daktari, na kumfundisha akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla hajasimama, hakugharimu shilingi. Kumpima uzito kila asubuhi kabla ya uji, kwenye mizani ileile, kunaonyesha kama maji yanatoka kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Daktari akimwongezea digoksini, dawa ya moyo, mapigo ya moyo yanahesabiwa kwa dakika nzima kabla ya kila kidonge, na yakiwa chini ya 60 kidonge kinasubiri; muuguzi anayemjua bibi atakumbuka pia kwamba furosemidi hupunguza potasiamu na kwamba potasiamu ikipungua, digoksini inakuwa sumu kwa dozi ileile ya jana. Bibi anayekataa chakula na kusema kila kitu anakiona cha njano hasumbui watu. Anatoa taarifa.

Hata kipimo cha damu kinahitaji jicho la mtu anayemjua mgonjwa. Kriatinini, taka ya damu inayopimwa ili kujua kazi ya figo, hutokana na misuli, na bibi mwembamba ana misuli michache; majibu yake yanaweza kurudi yakiwa ndani ya kiwango cha kawaida huku figo zikifanya kazi pungufu sana. Anayefuata dawa huona namba na kuendelea, ilhali anayemfuata mgonjwa huuliza umri na uzito kabla ya kuiamini.

Zamu ya usiku ndiyo mizani

Kwa maelezo hayo mtu angedhani njia ya mgonjwa ndiyo bora moja kwa moja. Ingekuwa hivyo kama kazi yote ingefanyika asubuhi, wakati kuna wanafunzi, madaktari na mfamasia. Kipimo changu cha utaratibu wowote wa wodi ni iwapo unasimama saa tisa usiku.

Tuchukue wodi ya mfano yenye vitanda 30 na wauguzi wawili wa zamu ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Ikiwa tathmini imewawekea alama wagonjwa 10, na kila mmoja anatakiwa kutembelewa kila baada ya saa 2 kwa dakika 5, hizo ni ziara 60, yaani dakika 300, au saa 5 za kazi zilizoongezwa juu ya kazi iliyokuwapo. Katika wodi hiyohiyo, ikiwa usiku huo kuna dozi 8 za dawa zilizo kwenye orodha na kila dozi inadai ukaguzi mara mbili wa dakika 4, njia ya dawa inahitaji dakika 64. Mtu atasema saa 5 si nyingi kwa wauguzi wawili wenye jumla ya saa 24. Ni nyingi, kwa sababu usiku huohuo kuna anayelazwa saa saba, kuna anayefariki, kuna damu ya kufuatwa maabara, na kuna dripu tano zinazoishia kwa wakati mmoja. Ziara zisizofungwa na tendo lolote ndizo zinazorukwa kwanza, kisha asubuhi chati inajazwa kwa kukisia, na hakuna uangalizi mbaya kuliko ule wenye namba nzuri zilizokisiwa.

Kwa sababu hiyo, wodi ambayo haina utaratibu wowote kwa sasa naishauri ianze na dawa. Ichague dawa tano, zisizidi hapo, na ukaguzi wa kila moja uandikwe kwenye chati ya dawa yenyewe, karibu na kisanduku cha kusaini dozi, wala usiwekwe kwenye karatasi ya pembeni itakayopotea. Tathmini ya mgonjwa ifanyike mara moja, wakati wa kulazwa au asubuhi inayofuata ndugu wakiwapo, na kazi yake kubwa iwe kuamua ni nani ambaye ukaguzi wa dawa uongezwe kwake. Bibi wa Uru hatembelewi kila baada ya saa 2. Anaondolewa diklofenaki, dozi yake ya jioni inahamishwa mchana, na jina lake linatajwa wakati wa kukabidhiana zamu. Hatua hizo zote zinafanyika mchana na faida yake inaendelea usiku bila mtu kuamka.

Insulini inazishinda njia zote mbili

Dawa moja haikai vizuri upande wowote, nayo ni insulini. Insulini ya kawaida ikichomwa chini ya ngozi huanza kazi baada ya kama nusu saa na hufika kileleni kati ya saa 2 na 4. Njia ya dawa itakwambia upime sukari kabla ya kuchoma, na njia ya mgonjwa itakwambia huyu ni mzee mwenye figo dhaifu ambaye insulini hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Zote mbili ziko sahihi, na zote mbili zinasahau hotipoti. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani, na kinafika kulingana na daladala, mvua na foleni ya getini. Mgonjwa aliyechomwa insulini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uji wake ukafika saa tatu anaweza kuwa ameshuka sukari akiwa na kipimo kizuri kabisa kwenye chati.

Dawa ya hili ni ya kawaida mno: insulini ya chakula isichomwe mpaka muuguzi aone sahani au kikombe kwa macho yake, na mgonjwa anayekaa mbali na nyumbani apangiwe uji wa hospitali bila kusubiri ndugu. Sukari iliyo chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwa mgonjwa aliye macho hutibiwa kwa gramu 15 za sukari, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, kisha kipimo kinarudiwa baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni, bali dekstrosi kwenye mshipa. Ndugu waelezwe dalili za jasho jembamba, kutetemeka na maneno yasiyoeleweka, kwa sababu wao ndio wanaokaa pembeni ya kitanda. Na kwa upande wa Kilimanjaro kuna swali la nyongeza wakati wa kumruhusu mgonjwa, nalo ni mbege, pombe ya ndizi. Pombe huzuia ini kutoa sukari ya akiba, na mzee aliyechoma insulini asubuhi kisha akashinda kilabuni bila kula anarudi wodini usiku akiwa hajitambui, huku wanaomleta wakisema amelewa.

Gentamisini iko karibu na hali hiyo, ingawa kwa sababu tofauti. Madhara yake kwenye figo na masikio hujijenga kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukaguzi unaofungwa na dozi moja hauyaoni vizuri. Kinachosaidia ni mstari mmoja unaoandikwa kila siku: mkojo wa saa 24, kriatinini ya mwisho na tarehe yake, na jibu la maswali mawili, kama kuna mvumo masikioni na kama mgonjwa anayumba anapotembea. Kuyumba ni muhimu kwa wazee, kwani dawa hii inaweza kuharibu sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili kabla ya kugusa usikivu, na watu wakadhani ni udhaifu wa ugonjwa. Ikitolewa pamoja na furosemidi hatari ya masikio inaongezeka, na usikivu ukishapotea kwa namna hii mara nyingi haurudi. Kanda hii inalijua hilo kupitia kifua kikuu sugu, ambacho kwa miaka kadhaa kilitibiwa Kibong'oto, wilayani Siha, kwa tiba iliyokuwa na sindano za kundi hilohilo; mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamisini na kapreomisini zisiendelee kupendekezwa, na tiba za vidonge zenye bedakwilini zikachukua nafasi.

Nani achague ipi

Wodi ya wazazi na wodi ya upasuaji zichague njia ya dawa bila kusita. Wagonjwa wake wengi wana nguvu, wanakaa siku chache, na madhara yanayowapata yanatoka kwenye dawa zinazojulikana. Kwenye upasuaji ningeanza na mofini, dawa za kuzuia damu kuganda na dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano, ambayo mgonjwa asiachwe peke yake baada yake huku adrenalini ikiwa kwenye trei. Kwa mtu mzima aliyepata mshtuko wa mzio ni nusu mililita ya adrenalini ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu.

Wodi ya magonjwa ya ndani, ambako wazee wenye presha, kisukari, moyo na virusi vya UKIMWI hulala vitanda vinavyofuatana, haitatosheka na orodha ya dawa. Huko tathmini ya mgonjwa ndiyo msingi na orodha ya dawa ni ya kulinda usiku. Kama muuguzi kiongozi wa wodi hiyo angeniambia ana nafasi ya kumwongeza mtu mmoja tu, ningemweka asubuhi, kwenye kulaza wagonjwa, hata kama usiku ndio unaolalamikiwa zaidi. Wodi ya watoto ina mantiki yake, kwani huko uzito ndio unaotawala kila kitu na mtoto asiyepimwa leo asipewe dozi iliyokokotolewa kwa uzito wa kliniki ya mwezi uliopita.

Kituo cha afya chenye vitanda vichache kinaweza kuridhika na dawa tatu: magnesiamu, insulini na gentamisini. Ila kihakikishe kwanza kina saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, glukometa, yaani kipima sukari, yenye vijiti vya kutosha, na kalsiamu glukoneti iliyo kwenye trei badala ya stoo ambayo ufunguo wake huondoka na mtu saa tisa na nusu.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo njia zote mbili ni kuandika namba tu, nalo ni ruhusa ya muuguzi kusimamisha dozi. Madaktari wa wodi wakubaliane kwa maandishi kwamba pumzi zikiwa chini ya kiwango fulani, au mapigo, au mkojo, dozi inasubiri na daktari wa zamu anapigiwa simu. Muuguzi mdogo wa zamu ya usiku hawezi kubishana na maandishi ya bingwa kwa ujasiri wake mwenyewe. Anahitaji karatasi iliyosainiwa na bingwa huyohuyo. Nimeona wodi zenye chati nzuri sana ambamo pumzi 10 ziliandikwa kwa mwandiko safi, na chini yake sindano ya mofini ikasainiwa kuwa imetolewa.

Madhara makubwa au yasiyotarajiwa yajazwe kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda ya kaskazini jijini Arusha. Muuguzi ana haki ya kuijaza mwenyewe, na hahitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kushuku kunatosha. Nakala ibaki wodini. Baada ya miezi mitatu muuguzi kiongozi na mfamasia wakae na nakala hizo mezani: dawa iliyo kwenye orodha lakini haijaleta tukio lolote, na haitumiki sana, iondoke, na ile iliyojitokeza mara mbili bila kuwamo iingie mahali pake, ili orodha ibaki na dawa tano.